Kichaka Walichozamisha Ndugu Wawili

Mume wangu Lavon ana kisanduku cha chambo chenye vyumba vinne, kila msimu na chumba chake, na ole wako uvichanganye. Machipuko, samaki wetu wa kropi wanaposogea kando kutaga, ni jigi za rangi kali, kijani na njano, kwa sababu maji ya Ziwa Tullaha wakati huo ni kama chai ya maziwa. Kiangazi ni nyeupe na kijivu, na unazishusha chini kabisa kabla jua halijakomaa. Majani yakianza kuanguka anatoa zile ndefu zenye mkia, eti kropi wana njaa na wanakimbiza vidagaa. Baridi ikishika ni nyeusi tupu, ndogo kama punje ya mahindi, na unaishikilia pale pale bila kuitikisa mpaka mkono ufe ganzi. Jigi ni ndoana tu yenye kichwa cha risasi na kisketi cha manyoya, lakini ukimsikiliza Lavon utadhani ni dawa ya daktari.

Sasa mtu huyu huyu, anayejua kubadilika maji yakipoa kidogo tu, alimnunia mdogo wake miaka saba na hakubadilika hata kidogo. Hayo ndiyo ninayoyasimulia, na nikipandisha sauti mnivumilie, kwa maana bado yananiuma.

Mdogo wake aliitwa Thurman. Ndiye aliyekuwa akizifunga hizo jigi zote kwa mkono wake, kwa nywele za mkia wa kindi na manyoya ya shingo ya jogoo, halafu yeye mwenyewe hazitumii. Yeye alivua kwa fimbo ya mwanzi na vidagaa hai, kama baba yao. Walikuwa wakikaa kwenye boti moja wakichambana tangu asubuhi hadi njaa iwatoe.

"Kaka, unavua samaki au unavalisha bibi harusi?" Thurman anauliza, akimwona mwenzake anabadilisha jigi ya tatu.

"Wewe wape dagaa wa bure," Lavon anamjibu. "Wanenepeshe vizuri, mimi nakuja kuwachukua."

Kichaka walikizamisha wakiwa vijana, kabla mimi sijaolewa. Walikata mierezi, wakaifunga matofali ya saruji, wakaitosa kwenye ukingo wa mkondo wa zamani wa mto uliofunikwa na ziwa, mahali penye kina, maana kropi hupenda kujificha kwenye matawi. Kila mvuvi wa kwetu ana kichaka chake, na hakuna anayeweka boya juu yake, labda awe mwendawazimu. Unakipata kwa alama za nchi kavu. Wao walilinganisha mnara wa maji na msonobari uliopigwa radi, kisha upande wa pili kengele ya Kanisa la Nebo na nguzo ya daraja. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo. Walikula kiapo kwamba hawatamwambia kiumbe. Hata mimi sikuambiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakaanga hao samaki!

Basi ikafika ile Jumamosi ya kanisa kukaanga samaki uani. Thurman yuko kwenye sufuria la mafuta, unga wa mahindi umemjaa hadi kwenye viwiko, anageuza vipande huku akitaniana na akina mama. Lavon akaingia ametoka ziwani moja kwa moja, viatu vya matope, macho yamemtoka. Alikuwa amekuta boti mbili za watu wasiojulikana zimekaa juu ya kichaka chao, wanavuta kropi kama wanachuma mboga.

"Umemwambia nani?" akauliza. Hata salamu hakuna.

"Nimemwambia nani nini?"

"Usinizuge, Thurman. Kichaka. Tulikuwa tunajua wawili, mimi na wewe. Mimi sikusema."

"Mimi nami sijamwambia mtu, kaka."

"Mwongo mkubwa!" Akasema hivyo mbele ya mchungaji, mbele ya akina mama wazee wa kanisa na sahani zao za mkate na kabichi. "Tangu leo sina ndugu. Nina mtu tu anayefanana na mama yangu."

Thurman akajifuta mikono taratibu. "Nimekwambia sijamwambia mtu," akasema, akaweka kijiko cha kuopolea mezani, akaondoka. Samaki waliobaki sufuriani wote waliungua. Na yeye ndiye aliyekuwa mtunza kanisa, anafagia na kufungua milango, kwa hiyo kila Jumapili ilimbidi asimame mlangoni pale huku watu wanamwangalia kwa pembe ya jicho.

Nilimbembeleza Lavon, nikamgombeza, nikamnyima hata chakula. "Aje aseme ukweli," ananiambia, "nitamsamehe siku hiyo hiyo."

"Na kama alishausema?"

Hapo anaongeza sauti ya runinga. Jamani, kichwa cha mwanamume huyu kingefaa kujengea daraja.

Kisukari kikamla Thurman macho, kwanza moja, baadaye la pili. Mkewe alikwisha kufariki, binti yake yuko mbali, akabaki na msichana anayekuja kumhudumia. Nilikuwa nikimpelekea mboga na mkate wa mahindi. Kila nikijiandaa kwenda, Lavon anakuja jikoni, anachagua vipande vinono vya samaki, anavifunika kwenye sahani.

"Hivyo vya nani?"

"Vya huyo unayemwendea."

"Ana jina."

"Vitapoa hivyo, mama Shonda. Nenda."

Mtu mzima, hana haya!

Aliyelifungua jambo hili ni mkwe wetu Tavares, mume wa Shonda, fundi wa magari, kijana mchangamfu anayesema kabla ya kufikiri. Alimfungia Lavon kwenye boti kile kioo cha kuonyesha chini ya maji. Lavon alikuwa amekikataa miaka nenda rudi, akikiita kuvua kwa runinga, na kwa kuwa alikikataa hakuwahi hata kukisogelea akione kinavyofanya kazi. Safari hii alikubali kwa ajili ya binti yake tu. Wakaenda kukijaribu mwishoni mwa baridi, na mimi nikaenda nao, nimejifunga blanketi hadi puani.

Tavares akakiwasha, kikalia pii! kama chungu cha umeme. Tukawa tunakwenda polepole. Visiki vinaonekana, mashimo yanaonekana. Mara katikati ya kioo likatokea lundo kubwa la matawi, na pembeni yake vidoa vyeupe vingi, kama mtu kamwaga mchele.

"Baba, ona! Kropi hao!"

Lavon akatazama kioo. Akageuka akatazama mnara wa maji. Akatazama msonobari wenye kovu la radi. Niliona rangi inamtoka.

"Nani kakwambia kuhusu hapa?" akauliza.

"Nani aniambie? Nimeona sasa hivi na wewe. Mwenye hiki kitu anapita tu na boti, anaona kila kichaka cha ziwa zima. Watu wa mashindano ya kuvua walikuwa navyo zamani sana, baba. Siku hizi hakuna siri humu."

Lavon akatoa jigi nyeusi, akaishusha, nadhani ili mikono ipate kazi. Ikanasa. Akavuta, akavuta, kikaja kijiti cha mwerezi, na kwenye kijiti kuna utepe wa zambarau, umeliwa na maji lakini unajulikana.

Nikaujua palepale. Mti wa Krismasi wa Kanisa la Nebo, ambao kila mwaka ni mwerezi, ulifungwa utepe mwekundu tangu nilipobatizwa, mpaka Mama Odessa alipochukua uongozi wa mapambo akaleta zambarau, na watu wakanung'unika. Hiyo ilikuwa baada ya ugomvi. Na anayeuondoa mti kanisani sikukuu ikiisha ni mtunza kanisa. Yaani Thurman, baada ya kuitwa mwongo hadharani, bado alikuwa akija peke yake kila mwaka kukiongezea kichaka matawi, mpaka macho yalipomkatalia.

Lavon akautia utepe mfukoni. Alilia bila kujificha, na Tavares wa watu akadhani ameharibu kitu.

Mchana ule ule tulikwenda kwa Thurman. Tulimkuta kando ya dirisha anafunga jigi kwenye kibano chake cha meza, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Thurman, ni mimi."

"Najua. Hakuna mwingine anayekanyaga ngazi zangu kama anataka kuzivunja. Shemeji, upo? Karibu kiti."

Lavon hakukaa. "Nimekuja kukuomba msamaha. Hukumwambia mtu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Kwenye kioo alichonifungia Tavares. Kumbe kila mtu anakiona kichaka kile."

Thurman akaacha kufunga. "Ahaa. Umeona."

"Nimeona, mdogo wangu. Nimekosa sana."

"Mimi nilikwambia, kaka. Nilikwambia mara mbili, unga mikononi, mbele ya watu." Sauti yake haikupanda. "Habari ya hivyo vioo naijua tangu nilipokuwa na macho. Nilionyeshwa kwenye boti ya mtu, nikakiona kichaka chetu kiko wazi kama meza."

"Sasa kwa nini hukuja kuniambia?" Lavon akawa kama anaanza kukasirika upya. "Miaka yote hii!"

"Nije na ushahidi? Kwani mimi ni ndugu yako au mshtakiwa wako? Nilitaka uniamini kwa sababu ni mimi niliyesema."

Lavon alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakujiandaa. Akabaki amesimama na kofia mkononi.

Thurman akapapasa mezani, akainua kibiringo cha uzi. "Shemeji, huu rangi gani?"

"Mweusi."

"Haya, ni mweusi." Akaanza kuuzungusha. "Ndiyo maisha yangu siku hizi. Naambiwa, nafunga."

Nilitamani kutoka nje nikalie, lakini nilikaa. Lavon ndiye aliyezungumza. "Miti ya dogwudi ikichanua twende ziwani. Mimi na wewe, kama zamani."

"Kwa sharti," akasema. "Hicho kioo kisiwake. Nitakupeleka kichakani mimi, kwa mdomo wangu, na wewe utakwenda ninapokwambia. Ukiliweza hilo, kaka, nimekusamehe yote. Hata lile la kufanana na mama."

"Nitaliweza. Hilo tu?"

"Hilo tu."

Wiki zile Lavon alikuwa kama mtu aliyepona. Aliosha boti, alipiga miluzi bafuni, alinunua fimbo mpya ya mwanzi. Nilimwambia, "King'oe hicho kioo kabisa, baba Shonda."

"Tavares amekikaza na skrubu zake. Nitakizima. Mimi si mtoto."

Dogwudi zikachanua, maua meupe barabara nzima. Lakini kwetu maua hayo yakishatoka baridi hurudi tena siku chache, na usiku wa kuamkia safari ilirudi kwa kishindo, barafu kwenye vioo vya gari. Tulimchukua Thurman, amevaa koti la marehemu baba yao. Tukamkalisha mbele, mimi katikati, Lavon nyuma kwenye injini.

"Tunaanzia kando, kwenye visiki," Lavon akasema. "Maua yametoka, watakuwa wanataga. Nimeandaa za kijani."

"Maua hayavui samaki," Thurman akamjibu. "Baridi ya jana imewarudisha chini. Wako kichakani. Toa nyeusi, ile ndogo, kama vile ni katikati ya baridi."

"Thurman, kalenda inasema..."

"Umeanza?"

Lavon akameza maneno. Akatoa jigi nyeusi, akamfungia mwenzake moja, maana vidagaa hatukubeba, na Thurman akacheka: "Leo nami navalisha bibi harusi." Sote tukacheka. Mungu wangu, nilifurahi. Nilidhani yamekwisha.

Thurman akawa anatuongoza. Aliuliza mnara umekaa wapi na msonobari, Lavon akamwambia. Aligeuza shavu kwenye upepo, akatega sikio kwa malori ya darajani. "Kulia kidogo. Kidogo, kaka, hatuendi kununua maziwa. Shemeji, kengele ya Nebo unaiona imeiziba nguzo?"

"Nusu."

"Bado. Twende, twende... Sasa?"

"Imeiziba yote."

"Zima injini. Tupa nanga. Tuko juu yake."

Wakashusha mishipi. Thurman akaishikilia fimbo yake bila kutikisika, kama amelala. Lavon alianza vizuri. Kisha akaanza kuichezesha jigi juu na chini.

"Iache itulie," Thurman akamwambia bila kugeuka. "Maji ya baridi, wavivu hao. Subiri."

Tukasubiri. Hakuna kitu. Mikono iliniganda. Lavon akatazama mnara, akatazama msonobari, akatazama tena mnara. Nilijua anachofikiri, nimelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote: kipofu huyu, miaka imepita, upepo umetusukuma, tumekosea. Nikaona mkono wake wa kushoto unaondoka gotini. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Mkono ukaendelea.

Pii!

Kioo kikawaka. Kichaka kilikuwa chini yetu barabara, si mbele wala nyuma, matawi yote, na ule mchele uliomwagika pande zote. Lavon wa watu akasahau kila kitu kwa furaha.

"Thurman! Tuko juu yake! Mdogo wangu, tuko juu yake kabisa!"

"Najua tuko juu yake," Thurman akasema. "Nilikwambia."

Ndipo Lavon alipotambua alichosema. Na wakati huo huo ncha ya fimbo ya Thurman ikainama. Akamvuta samaki taratibu, bila pupa, maana mdomo wa kropi huchanika kama karatasi. Akamshika, akamtoa ndoana kwa kupapasa.

"Shemeji, ni mkubwa?"

"Mkubwa sana," nikasema, na alikuwa mkubwa kweli.

"Haya." Akainama, akamrudisha majini. Akakunja mshipi wake vizuri, akaulaza miguuni. "Nirudishe nyumbani, kaka."

Tukafika kwake. Lavon akamshika mkono kumpandisha ngazi. "Haikuwa kwamba sikuamini," akasema. "Ni mkono tu, Thurman. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Najua ulikwenda wenyewe," Thurman akamwambia. "Hilo ndilo linaloniumiza."

Hakumfungia mlango. Lavon alikwenda kila Jumapili, walikula pamoja, walizungumza habari za mvua na za wagonjwa wa kanisani. Lakini kila akimwomba waende ziwani tena, jibu lilikuwa moja, la upole: "Leo hapana, kaka." Joto la kiangazi likashika, akaugua, akalazwa, na hakurudi. Tulimzika na suti yake ya kusimamia mlangoni kanisani, na Lavon akamwekea ule utepe wa zambarau mfukoni.

Kwenye chakula cha matanga Tavares akaja akakaa karibu na mkwewe, nadhani alitaka kumfariji, kijana hana ubaya. "Baba," akasema, "Shonda kaniambia habari ya siku ile. Kumbe hukujua? Ile sauti inazimika. Unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza, haisikiki tena."

Nilitamani kumpiga na sahani. Lavon alimtazama tu, akaweka uma chini, akatoka nje, akakaa kwenye gari mpaka watu walipokwisha kuondoka. Kesho yake alizifungua skrubu zile zote.

Sasa anavua bila kioo, na mimi naandamana naye kwa sababu sitaki akae peke yake huko. Upepo wa majira yaliyopita uliangusha ule msonobari wa radi, kwa hiyo mstari mmoja haupo tena. Anazunguka na boti, anazima injini, ananigeukia mimi, mimi ambaye alama hizo nazijua kwa majina tu, sikuwahi kufundishwa kuzilinganisha.

"Mama Shonda, unaonaje? Tuko juu yake?"

"Tuko juu yake," namwambia. "Shusha."

Anashusha ile nyeusi ndogo aliyoifunga mdogo wake, anaishikilia bila kuitikisa, wala haniulizi mara ya pili. Na mimi sijui hata kidogo kichaka kiko wapi.